Si kila kitu ni "kupigwa vita": mateso ya imani ni nini hasa, na yakikupata ufanye nini

Juzi hapa Manyatta, Kisumu, askari wa kaunti walikuja usiku wa kesha wakazimisha spika za kanisa moja la mabati lililo nyuma ya ploti yetu. Spika zilikuwa nne, mbili zimefungwa juu ya nguzo zikiangalia madirisha yetu, na kusema ukweli ilikuwa saa nane usiku na mtoto wa jirani ako na malaria amekataa kulala. Kulipokucha grupu ya WhatsApp ya mtaa ikawaka moto. "Kanisa linapigwa vita." "Hizi ni siku za mwisho watu wangu." Mmoja akaweka Mathayo 5, heri wenye kuudhiwa, mwingine akauliza sasa tufanye nini, tufunge na kuomba, tuandamane, ama tuchange ya wakili? Halafu mama mmoja mzee, mshirika wa hilo hilo kanisa, akaandika "hata mimi hiyo kelele ilikuwa imenichosha", akafuta haraka, lakini wapi, tulikuwa tumeshaona.

Hiyo grupu ilinifanya nikae chini niandike hii kitu kwa sababu naona tunachanganya mambo mengi sana. Tangu Shakahola mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe ilifukuliwa msituni, na serikali ikaunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuangalia jinsi ya kusimamia mashirika ya dini, kila mahali unasikia kanisa linateswa. Wengine wanasema hakuna mateso Kenya, ni wachungaji tu wanataka kuachwa wafanye wanavyotaka. Mimi naona pande zote mbili zimekosea.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa lugha ya kanisani "mateso" limebebeshwa mizigo kama mkokoteni unaotoka soko la Kibuye siku ya Jumapili. Ugonjwa ni mateso, kukosa kazi ni mateso, landilodi akipandisha kodi unapigwa vita, bosi akikukemea kwa kuchelewa basi adui anapigana na hatma yako. Biblia ya Kiswahili inatumia neno "kuudhiwa", na hilo neno nalo limetupoteza kidogo, maana siku hizi mtu akikuambia "usiniudhi" anamaanisha usinikasirishe tu. Kwenye Biblia ni zito zaidi, ni kuwindwa, kufukuzwa, kunyimwa haki, kupigwa au kuuawa kwa sababu wewe ni wa Kristo.

Kwa hivyo kuna shida ambazo kila binadamu anazo, mafuriko ya Nyando hayaulizi mtu anaabudu wapi. Kuna shida unajiletea mwenyewe. Kuna sheria inayogusa watu wote na wewe ukiwemo. Na kuna mateso ya imani. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kujiuliza swali moja: nikiacha kumfuata Yesu leo jioni, hii shida itaisha? Kama landilodi ataendelea kutaka kodi yake hata ukiwa mpagani, hayo si mateso ya imani, ni kodi.

Watu wanapenda kusoma Mathayo 5:11 wakiruka maneno mawili madogo. Yesu anasema heri ninyi watakapowanenea kila neno baya "kwa uongo", na "kwa ajili yangu". Kama unachosemwa ni ukweli, kwamba ulikula pesa za chama ama sadaka ya ujenzi haijulikani ilienda wapi, huko kusemwa hakuna thawabu. Petro naye hakuzungusha, 1 Petro 4:15 anasema asiteswe mtu kama mwuaji, au mwivi, au mtenda mabaya, halafu kwenye hiyo hiyo orodha anaweka mtu anayejishughulisha na mambo ya watu wengine. Yaani mwenye umbea amewekwa benchi moja na mwuaji! Hapo mimi mwenyewe huwa napita haraka haraka.

Sasa turudi kwa spika. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, ziko tangu 2009 na zinashika klabu, matanga, posho mill na kanisa. Hilo kanisa likigeuka kuwa baa kesho na spika zile zile, kwa sheria wanafaa kuja vile vile. Kwa hivyo hayo si mateso. Lakini ngoja, kama baa ya pale kona inapiga muziki wa ohangla mpaka alfajiri na hakuna mtu anaigusa, alafu kanisa peke yake ndilo linazimwa kila wiki, hapo malalamiko yanaanza kuwa na uzito, kwa sababu sheria moja inatumiwa kwa watu wawili tofauti. Ndio maana mtu anafaa kuangalia vizuri kabla hajapiga kelele, na pia kabla hajasema wenzake wanapiga kelele bure.

Hata sheria za kusimamia makanisa ni hivyo hivyo. Kuambiwa usajili kanisa na uonyeshe hesabu ya pesa, sawa na msikiti na hekalu, mimi siiti mateso, unaweza kuipinga kama ni mbaya, uende ushiriki wa umma uongee, lakini usilie kama Stefano aliyepigwa mawe akafa kwa imani. Siku serikali itaanza kuchagua ni mahubiri gani yanaruhusiwa, hapo hata mimi nitaongea lugha nyingine.

Kumbe mateso yenyewe yapo, na mara nyingi hayaji na askari. Hapa kwetu Nyanza yanakuja na shemeji.

Niwaambie ya shangazi yangu, jina naliacha. Mumewe alifariki, akabaki na watoto wanne huko Seme. Kwa desturi ya Wajaluo mjane arithiwe kwanza na ndugu wa marehemu kabla ya mambo mengi, kabla ya kupanda, kabla hata ya kugusa paa la nyumba. Yeye ameokoka, akasema kwa heshima kabisa mbele ya wazee kwamba atalima, atalea watoto, atawaheshimu wakwe, lakini hatalala na mtu ili kutimiza mila. Kuanzia hapo maisha yakabadilika. Paa likaanza kuvuja pale juu ya kitanda cha watoto na fundi wa kijiji akakataa kupanda, akasema hataki chira, ile laana ya kuvunja mila, imfuate nyumbani kwake. Mvua ndefu zote alikuwa anaweka sufuria mbili na karai moja chini, usiku anaamka kumwaga. Wakwe wakaacha kumsalimia. Halafu mahindi yakang'olewa kwenye kipande cha shamba upande wa mto, na shemeji mmoja akapanda miwa yake hapo.

Uliza lile swali. Angekubali kurithiwa, shida ingeisha? Ingeisha siku hiyo hiyo, na fundi angekuja na ngazi jioni. Hayo ni mateso ya imani, hakuna kamera, hakuna habari ya saa moja. Ukiangalia vizuri pia unaona kuna tamaa ya shamba imejificha nyuma ya mila, na hiyo isikuchanganye, mateso karibu yote huwa yamechanganyika na kitu kingine, shamba, siasa, wivu. Hata Musanda, Januari 1934, Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Anglikana aliyeanzisha uamsho wa Roho, alipochomewa nyumba na kuuawa, nyuma yake kulikuwa na ugomvi mkubwa wa ardhi kati ya Wajaluo na Wawanga. Watu wa Roho wanamkumbuka kama shahidi wa imani mpaka leo, wengine wanaona ni vita ya shamba. Mimi nadhani ilikuwa yote mawili.

Sasa mtu kama huyo shangazi afanye nini? Hapa ndipo mafundisho mengi yanapotea njia, kwa sababu yanampa jibu moja tu: vumilia mama, utapata taji. Biblia inatoa njia zaidi ya moja na watu wale wale walizitumia zote kwa nyakati tofauti.

Kuvumilia iko, ndiyo. Mitume walipigwa mijeledi Yerusalemu wakatoka wakifurahi. Lakini kabla hawajapigwa walikuwa wamejibu baraza uso kwa uso, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Kukataa kwa mdomo, kwa adabu, ukiwa umesimama wima, hiyo ndiyo shangazi alifanya mbele ya wazee. Hakutukana mila ya mtu. Alisema tu mimi hapana.

Kukimbia pia iko, na hii watu wanaiogopa kuitaja. Kuna kijana aliniambia kukimbia ni kukosa imani. Nikamuuliza, Paulo alitoka Dameski aje? Alishushwa ukutani usiku ndani ya kapu. Kapu! Kama mtu anashusha ndizi kwa lori. Yesu mwenyewe alisema kwenye Mathayo 10:23 wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine, na Injili ilifika Samaria kwa sababu watu walitoroka Yerusalemu. Hata kanisa la kwanza halikupenda mtu anayejipeleka kutafuta kifo, wakati Askofu Polikarpo anauawa Smirna kuna mwenzao mmoja aliyekuwa amejipeleka mwenyewe mbele ya watesi kwa kishindo, alipoona wanyama wakali akaogopa akakana imani, na waliosimulia hiyo habari wakasema wazi hawamsifu anayejitoa hivyo. Kwa hivyo msichana aliyebadili dini na nyumbani wanatishia kumuua, usimwambie arudi akawe ushuhuda. Mtafutie mahali pa kulala.

Halafu kuna kudai haki, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Kila mtu anajua ile ya ukipigwa shavu moja geuza la pili. Wachache wanakumbuka siku Yesu alipopigwa kofi kweli kweli, Yohana 18, mbele ya kuhani mkuu. Aligeuza shavu? Alimuuliza yule askari, kama nimesema vibaya ushuhudie huo ubaya, kama nimesema vema, mbona unanipiga? Hakurudisha kofi, ila hakukubali kofi lipite kama jambo la kawaida. Shavu la pili linakuzuia kulipiza, halikukatazi kuuliza swali.

Na Paulo ndiye alikuwa mtaalamu. Filipi walimchapa bila kesi wakamtupa ndani, asubuhi wakatuma ujumbe, mwachie aende zake, ile ya "toka tu, nenda nyumbani, usiongee" ambayo sisi Wakenya tunaijua vizuri. Akakataa kutoka. Akasema sisi ni raia wa Roma, mmetupiga hadharani, sasa mnatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na walikuja, wakiomba msamaha. Siku nyingine Yerusalemu wanaume zaidi ya 40 waliapa hawatakula mpaka wamuue. Mpwa wake akasikia, akaenda kupiga ripoti kwa mkuu wa jeshi, na usiku huo Paulo akatolewa mjini na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Hesabu hao, ni 470. Mtume wa Bwana hakusema hapana asanteni, malaika wananitosha.

Kwa hivyo ile hadithi kwamba Mkristo akienda kortini hajasamehe, iacheni. Kusamehe ni kitu unafanya ndani ya moyo wako kuhusu mtu, kesi ni kuhusu shamba ni la nani. Na Kenya tuna pa kushika. Katiba ya 2010, Ibara ya 32, inasema kila mtu ana uhuru wa dini, asinyimwe kazi wala huduma kwa sababu ya imani, na kifungu cha nne ndicho nakipenda, mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Hicho kifungu kinamhusu shangazi kama kimeandikwa kwa jina lake. Waadventista, ambao huku kwetu wameanzia Gendia tangu 1906, walienda kortini kuhusu watoto kulazimishwa shughuli za shule siku ya Sabato, na mwaka 2017 Korti ya Rufaa ikawapa haki. Hawakuchoma shule ya mtu. Na usisahau hiyo Ibara inalinda Muislamu na Mrasta na asiyeamini Mungu vile vile, ukiitaka kwako tu na kwa jirani hutaki, hiyo si haki unatafuta ni upendeleo.

Kitu kimoja tu kimefungwa kabisa, kulipiza kisasi. Yakobo na Yohana waliomba moto ushuke uchome kijiji cha Wasamaria kilichokataa kuwapokea, Yesu akawakemea wakaenda kijiji kingine. Na naongea hii nikijua tumeumia. Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa chuoni, wauaji wakitenganisha Wakristo na Waislamu. Baada ya hapo nilisikia maneno kwa matatu, kwa vinyozi, maneno ya kutisha kuhusu kila anayevaa kanzu. Lakini Desemba mwaka huo huo kwenye basi la Mandera magaidi walipotaka abiria wajitenge, Waislamu walikataa, wanawake wengine wakawapa Wakristo hijabu wajifunike, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Muislamu alikufa akikinga Wakristo. Ukitaka kumlipiza "Muislamu" basi jua unamlipiza na huyo.

Kuna wanaosema mateso ya siasa si mateso ya imani. Hapa mambo yanakuwa magumu, maana Yesu alisema pia "kwa ajili ya haki". Miaka ya tisini Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru alikuwa akipinga waziwazi mapigano ya kikabila Molo na kwingineko wakati watu wengi wakubwa wamenyamaza. Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliambiwa hadharani na waziri Peter Okondo asikanyage Busia, akikanyaga huenda asitoke hai. Alienda. Tarehe 14 Agosti 1990 akiwa njiani kurudi gari lake liligongana na lori akafa. Ilisemwa ni ajali, wengi hawakuamini, na Okondo akajiuzulu. Je angeacha imani yake wangemtisha? Pengine angebaki Mkristo mnyamavu na hakuna mtu angemgusa. Kwa hivyo lile swali langu la mwanzo linahitaji mkia: nikiacha imani, ama nikinyamaza kuhusu kile imani yangu inanidai kusema. Ila mwanasiasa anayeshtakiwa kwa wizi alafu anapiga magoti madhabahuni na kamera zikimfuata, huyo hayumo hapa, tafadhali.

Na walioshindwa je? Kuna watu walikana, walikubali, walisaini. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila mtu atolee miungu sadaka na apewe cheti. Wengine walitoa sadaka kwa woga, wengine wakahonga maafisa wapate cheti bila kutoa sadaka, kumbe kitu kidogo hakikuanza hapa kwetu. Mateso yalipopoa makanisa yakagombana, hawa tuwapokee ama tuwafungie? Upande ulioshinda ulisema watubu, wapewe muda, warudishwe. Petro alikana mara tatu karibu na moto wa makaa na bado akaambiwa lisha kondoo zangu. Kuna wajane wengi walikubali kurithiwa kwa sababu paa lilivuja na hakuna mtu kanisani alileta hata misumari, na hao hao washirika ndio wanawaangalia kando siku ya meza ya Bwana. Hapo nina swali kwa kanisa kuliko kwa mjane.

Maana Waebrania 13:3 inasema wakumbukeni waliofungwa kana kwamba mmefungwa pamoja nao. Kukumbuka huko ni pamoja na misumari. Ni kumpeleka mtu FIDA, wale mawakili wanawake, hapa Kisumu, ni kukaa naye kwa chifu ili asionewe akiwa peke yake, ni kubeba watoto wake siku ya korti. Shangazi aliombewa sana, na simkejeli mtu anayeomba. Lakini aliyetengeneza paa ni fundi Mkristo kutoka Luanda ya Vihiga ambaye haogopi chira, alikuja Jumatatu na kijana wake, mabati kumi na mbili yaliyonunuliwa na akina mama wa kanisa kwa michango ya mia mia, saa nane mchana wakawa wamemaliza, wakala omena na ugali wakaenda.

Kesi ya shamba la shangazi bado iko kortini. Mwaka jana yule shemeji wa miwa alilazwa Russia, ile hospitali kubwa ya Kisumu, figo, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumpelekea chakula kwa sababu mkewe alikuwa Nairobi. Kesi ilikuwa inatajwa Alhamisi. Shangazi akapanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri na themosi ya uji wa wimbi imefungwa kwa leso, akapitia wodi kwanza akamimina uji kikombe kimoja, akamshikia akanywa, hawakuongea mengi. Halafu akaosha kikombe, akachukua faili yake ya karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akashika boda kwenda kortini.